Mwanamke wa Kipimo

Kazi aliyopewa Damari Ndahani ilikuwa ya kufagia, ila ufagio hakupewa na vumbi halikuwepo. Alipewa kiti, kompyuta, na michoro ya nyumba elfu nne mia moja na kumi na sita, yaani nyumba zote za mji wa Ikungulu tangu mji uanze. Kila mchoro ulikuwa na uchafu wake. Mistari iliyochorwa mara mbili, mihuri ya ofisi zilizokufa, vitanda vya watu waliokwisha kuhama, miti iliyokatwa zamani, na matabaka matupu ambayo hakuna aliyejua yaliwekwa kwa ajili gani. Vyote viondoke. Mji ulitaka kupitisha mabomba ya baridi, ya kupoza nyumba, ndani ya kuta, na mabomba hayapiti penye takataka.

"Ukifuta kimoja kimoja utamaliza lini, mtani?" Mhandisi Lukelo alimuuliza siku ya kwanza.

"Nikishakufa. Ndiyo maana nafuta kwa mkupuo. Sisi Wagogo hatuna haraka, lakini si wajinga."

Lukelo alikuwa Mhehe wa miaka thelathini na mmoja, naye ndiye mkuu wa kazi. Damari alikuwa na miaka sitini na sita na alikwisha kustaafu mara mbili. Walimwita kutoka Mpwapwa kwa sababu hakubaki mwingine anayeweza kusoma michoro ya zamani. Utani wa makabila yao uliwaokoa wote wawili. Kijana asingethubutu kumwamuru bibi wa umri ule, na bibi asingekubali kuamriwa na mtoto wa umri ule, lakini watani waliweza kutukanana hadi kazi ikaisha.

Kufuta kwa mkupuo ni hivi. Unaionyesha mashine uchafu mmoja, unaiambia ikautafutie ndugu zake katika michoro yote, inakuletea idadi, unakubali, wanaondoka. Asubuhi moja Damari aliondoa mishale ya kaskazini elfu tisa. Kesho yake aliondoa vyoo vya shimo vilivyofukiwa kabla Lukelo hajazaliwa.

"Nimefuta vyoo mia nane," alimwambia, "na harufu bado naisikia. Au ni mdomo wako?"

Kilichofutwa kwenye mchoro hakibaki kwenye nyumba; hilo kila mtu wa Ikungulu alilijua. Mchwa wa mji ule hawakuwa wadudu, ingawa walikuwa wadogo kama punje ya haragwe na walitembea kwa msururu. Walikula ukuta na kutema ukuta. Mchoro ukisema, walijenga. Mchoro ukinyamaza, walibomoa, na mwenye nyumba aliambiwa tu ainue miguu. Kitu kimoja hawakukigusa. Palipochorwa mtu, mchwa walisimama umbali wa kiganja wakangoja apite. Walizaliwa na amri hiyo, na hakuna mhandisi aliyeweza kuwaondolea.

Sasa, wiki ya tatu, michoro ikiwa safi kama mchele uliopetwa, kilibaki kitu kimoja ambacho mashine ilikataa kukifuta. Damari alibonyeza, nayo ikajibu kwa ile sauti yake ya mwalimu wa Jumapili: "Kuna mtu. Haondolewi."

Alimjua mtu huyo, nani asingemjua? Wachoraji wa zamani walikuwa na desturi ya kuweka mtu mmoja ndani ya mchoro, ili anayeangalia ajue mlango una kimo gani. Waliitwa watu wa kipimo. Wengine waliwaweka uani. Amosi Masinga, aliyeuchora mji huu wote kwa mkono wake kwa miaka thelathini na miwili, wa kwake alimweka katikati ya ukuta wa sebule. Mchwa wa kwanza walipofika wakamkuta mtu amesimama, wakajenga kumzunguka. Ndivyo kila nyumba ya Ikungulu ilivyopata kidaka chenye umbo la mwanamke aliyebeba ndoo kichwani.

Watu hawakulalamika. Waliweka humo mtungi, redio, nguo zinazongoja pasi. Walikiita yunisi, kwa jina la mke wa mchoraji, maana mwanamume angemchora nani mwingine? "Niletee kibiriti, kiko kwenye yunisi." Watoto walidhani ni neno la kawaida, kama kabati.

Nyumba aliyopanga Damari ilikuwa na yunisi nene, iliyoinama, yenye mkongojo. Siku ya kwanza aliicheka, akatundika mwavuli wake humo. Amosi naye, alisema moyoni, mke kamnenepea hadi ukutani.

Alimjua Amosi kidogo. Tuseme kidogo, kwa sasa.

*

Ili kumwelewa mtu huyo asiyefutika, Damari alimchagua mwanamke wa mchoro wa kwanza kabisa akaiambia mashine imtafutie ndugu zake. Ilimletea mia mbili na kumi. Wengine wote, elfu tatu na mia tisa na ushei, hawakufanana naye.

Hapo alivua miwani akaifuta. Hakuna mchoraji mwenye akili timamu anayemchora mtu wa kipimo mara mbili. Unamchora mara moja ukiwa kijana, unamnakili mpaka unastaafu. Huyu Amosi alikuwa amemchora upya kila mwaka.

Akaanza na mwaka wa kwanza, akamkuza hadi akajaa kioo cha kompyuta. Msichana mwembamba, shingo imenyooka chini ya ndoo, nyonga moja juu kidogo ya nyingine. Kisigino cha kushoto hakikugusa sakafu. Alikipima, kwa mazoea tu. Sentimita nne.

Damari akachungulia chini ya meza, akautazama mguu wake wa kushoto ukining'inia pale ulipozoea kuning'inia tangu alipozaliwa. Kisha akatazama kioo tena. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni asijue aliyeita yuko upande gani.

Walikuwa wachoraji wanafunzi katika ofisi moja, Mpwapwa, miaka arobaini na mitatu nyuma. Wanafunzi walitakiwa kila mmoja amtafute mtu wake wa kipimo, ampime kwa futi ya kamba, amchore. Amosi alimwomba Damari. Kazi ile ni ya dakika tano. Amosi aliifanya kuanzia chakula cha mchana hadi ofisi ikafungwa, akipima kiwiko mara tatu, akiandika, akifuta, na katika saa zote hizo alisema maneno mawili: "Samahani" na "Tena." Baadaye alisema mengine machache, ya kutosha. Kisha mama yake akaja kumwangalia msichana, akamtazama anavyovuka ua, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Na huyu maji atateka kwa mguu upi?"

Amosi hakumjibu mama yake. Hakuwa mtu wa kujibu. Akahamishiwa Ikungulu, akasema atatuma habari, na habari haikuja. Mwaka uliofuata Damari alisikia ameoa. Yeye hakuolewa. Wachumba walikuja, si kwamba hawakuja, ila aliwaona wanaongea sana.

Sasa aliikuza ndoo. Ndani yake Amosi alikuwa amechora mstari mwembamba kama unywele, ukingoni kabisa. Maji. Ndoo imejaa pomoni na hakuna tone lililomwagika, katika mchoro wa kwanza, na wa pili, na wa mia. Mama yake Amosi alikuwa amejibiwa mara elfu nne, na wachoraji waliofuata walidhani ni kosa la kalamu.

Aliendelea mwaka kwa mwaka. Mwaka wa sita alikuta ana mtoto mgongoni. Mwaka wa tisa mtoto amesimama kando, ameshika pindo la kanga. Nyumba za miaka ile ndizo zenye kidaka kidogo pembeni ambamo watu huweka viatu. Mwaka wa kumi na moja mtoto hayupo. Labda kuna mtu alimwambia Amosi kwamba Damari hana. Mwaka wa ishirini akaanza kumnenepesha. Mwaka wa ishirini na nane akampa mkongojo, ambao Damari hajaushika hata leo, na mgongo ulioinama, ambao hana. Alikuwa akikisia. Alikaa mbali bila kumwona, na kila Januari alijiuliza atakuwaje sasa, kisha akakosea karibu yote. Kisigino hakukikosea. Na yule bibi mnene wa sebuleni, anayetunza mwavuli, hakuwa mke wa mtu.

"Mtani." Lukelo alikuwa mlangoni. "Mbona unalia?"

"Silii. Nimekumbuka sura yako."

Kijana aliangalia kioo. "Aa, Bibi Yunisi. Huyo ni rahisi." Akaeleza, ingawa Damari alikuwa anazijua taratibu kabla yeye hajaota meno. Mtu aliyechorwa akiwa amekufa, anatolewa kwa cheti. Akiwa hai, anajitoa mwenyewe: anapanda juu ya bamba la chuma pale kwenye kona, mashine inampima, ikiridhika inatangaza kwamba ametoka, na mchwa wanaendelea. Akinenepa si hoja, akizeeka si hoja. Mashine inasamehe nyama, haisamehe mfupa.

"Nimemwita kesho saa tatu," Lukelo alisema. "Wanawe wanamleta. Mtaa mzima unakuja na ngoma, maana wanaona ni kama heshima ya mwisho kwa mzee Masinga. Afadhali. Mchwa wanataka siku kumi, na Novemba ni wiki ijayo."

Hakuhitaji kuongeza. Joto la Novemba iliyopita liliondoka na watu kumi na tisa, wazee na watoto wachanga, ndani ya siku sita. Lukelo mwenyewe ndiye aliyechora makaburi yao kwenye ramani ya mji.

Alipoondoka, Damari alihesabu kwa macho. Kutoka kitini hadi kwenye bamba zilikuwa hatua tisa. Angepanda sasa hivi, na sauti ile ingesema kwa mji mzima kwamba ni yeye. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alitakiwa. Kumbe kuta elfu nne zilikuwa zikisema, na watu wametundika humo kanzu. Hakutaka mume wa mtu, na huyo mume alikuwa kaburini mwaka wa kumi na moja. Alitaka itamkwe mara moja tu, hata na mashine.

Lakini kesho saa tatu palikuwa na ngoma, na ngoma haikuwa yake.

*

Bibi Yunisi alikuja amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Wanawe wanne walimfikisha kizingitini, na nyuma yao watu wa mtaa walijaa ua. Alisema anataka kuingia peke yake. Damari alivuka chumba kumfungulia, akafunga mlango nyuma yake.

Yunisi hakumtazama usoni. Alimtazama miguu, kutoka mlangoni hadi kitini, hadi alipokaa.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Damari aliuvuta mguu wa kushoto chini ya kiti.

"Usiogope, mwenzangu. Sikuja kupigana, nina goti bovu." Yunisi alivuta kiti. "Mimi nilijua siku nyingi kwamba si mimi. Mwanamke haujui mguu wake? Nilizaa watoto wanne, hakunichora hata na mmoja. Yule wa ukutani kazaa mmoja tu, kachorwa miaka mitano. Nilipanguza vumbi kwenye kile kidaka miaka yote hiyo nikisema, huyu ni nani huyu, na maji yake hayamwagiki."

"Hukumuuliza?"

"Ulimjua, wewe. Ungemuuliza?" Wakatazamana, na kwa bahati mbaya wote wawili wakacheka, kisha wakaacha. "Watu wakaanza kukiita yunisi. Nikanyamaza. Wanangu wakakua wanajivunia, baba kamjaza mama mji mzima. Mkubwa alimwoa mke wake kwa hadithi hiyo. Ungenyamaza na wewe."

Nje walikuwa wameanza kuimba jina lake.

"Nikipanda pale," Yunisi alisema, akielekeza kidevu kwenye bamba, "itasemaje?"

"Kimo kinakaribiana. Kimepishana kidole kimoja tu, hicho itakisamehe."

"Alinichagua kwa kimo, basi."

"Lakini mguu haukubali. Itasema si wewe."

"Kwa sauti?"

"Inasikika hadi barabarani."

"Na ukipanda wewe?"

"Itasema ni mimi."

Yunisi alinyoosha mikunjo ya kitenge magotini, mmoja baada ya mwingine. "Basi panda. Nilimzika mjukuu Novemba iliyopita, siwezi kuwaambia watu wafe kwa joto ili mimi niendelee kuitwa kabati. Ila nionyeshe mlango wa nyuma kwanza. Nisiwaone usoni wakisikia."

Mlango wa nyuma ulikuwepo. Damari hakuuonyesha.

"Hakuwahi kusema kitu?" aliuliza. "Hata kwa bahati mbaya?"

Yunisi alifikiri kama amjibu. "Tulikuwa na jirani, mzee Hosea, aliyevunjika mguu shambani. Alipita nje kila jioni akitembea kama wewe, hatua nzito, hatua nyepesi. Akisikika tu, Amosi anaacha kula. Tonge liko mkononi, anaangalia mlango. Mpaka yule mzee apite. Halafu anakula, wala hasemi. Miaka thelathini mimi napakua, natazama tonge."

Damari aligeuza kiti chake kuelekea kioo, ili asitazamwe. Lilikuwa limetamkwa, na aliyelitamka ndiye ambaye halikumfaidi kitu.

Kuna sheria moja ya wachoraji ambayo haijaandikwa popote kwa sababu kila mmoja anaapa kwayo: kilichopinda kichore kimepinda. Ukuta ukilala, mchore umelala. Damari aliishika sheria hiyo miaka arobaini. Aliwahi kumwambia mkubwa mmoja, ambaye uzio wake ulikuwa umeingia kwenye barabara, kwamba kalamu yake haijui kusogea. Mashine haikuruhusu mtu wa kipimo afutwe, lakini iliruhusu arekebishwe, na kila rekebisho liliingia kwenye daftari lake pamoja na jina la mrekebishaji. Daftari hilo halifutwi kwa mkupuo wala kimoja kimoja. Mchoraji aliyeonekana humo amebadili kipimo cha kweli hakuitwa tena mchoraji.

Lukelo aliingia, akawakuta wazee wawili wamekaa. Alitazama kioo, ambapo kisigino kilikuwa kimekuzwa kama sufuria. Akatazama chini ya meza. Hakuwa kijana mjinga, kwa Mhehe.

"Daftari la mashine halisahau, mtani," alisema taratibu.

"Nalijua."

"Mwisho wa mwezi nalazimika kulisoma."

"Na miwani uvae."

Alirudi mlangoni. "Mimi naenda kunywa chai," alisema. "Chai ya Kihehe ni ndefu."

Mlango ulipofungwa Damari aliuchagua mguu peke yake, bila mwili, bila ndoo, akaiambia mashine ikautafutie ndugu zake. Ilifikiri. Kisha ikaleta idadi: elfu nne mia moja na kumi na sita. Wote. Amosi alikuwa amechora upya uso, tumbo, mgongo, mtoto, mwaka baada ya mwaka. Mguu aliunakili kutoka ule wa siku ile ya Mpwapwa, bila kuongeza wala kupunguza hata nukta.

Aliandika: refusha, sentimita nne.

Mashine ikauliza sababu. Haiendelei bila sababu. Damari aliweka vidole juu ya herufi akaviondoa. Angeandika nini? Hakuna kisanduku cha mambo haya. Nje walikuwa wamefika kwenye ubeti wa wana wa Yunisi. Akaandika, kosa la mchoraji, akabonyeza kabla mkono haujabadili nia.

Visigino elfu nne mia moja na kumi na sita vikashuka sakafuni. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Msichana wa Mpwapwa alisimama amenyooka, nyonga sawasawa, ndoo kichwani, mzuri, na Damari hakumjua.

"Panda, dada," alisema.

"Umefanya nini?"

"Nimefagia. Panda, goti likiuma nishike bega."

Yunisi alipanda. Mwanga mwembamba ulimpita kutoka utosini hadi nyayoni, ukarudi, ukakaa kwenye mguu wa kushoto muda mrefu kuliko inavyopendeza. Kisha ile sauti ikasema, mpaka barabarani, "Ni yeye. Ametoka."

Ua ulilipuka kwa vigelegele. Kwenye kioo wanawake walianza kuondoka kutoka mchoro wa kwanza: wembamba kwanza, kisha wenye mtoto, kisha wanene, kisha wenye mkongojo, kila mmoja akiacha ukuta mweupe mahali pake. Damari aliwatazama mpaka wa mwisho. Chini ya dirisha msururu wa mchwa ulikuwa tayari unavuka barabara kuelekea nyumba ya kwanza, na mwanamke mmoja alitoka mbio akiwa amekumbatia redio na mtungi.

Mkono wa mwana mkubwa ulibisha hodi. "Mama, tuingie?"

"Bado," Yunisi alijibu. Alishuka kwenye bamba, akaketi kwenye kiti cha Damari, akauweka mkoba wake mapajani. "Mwenzangu, kabla hawajaja. Tembea kidogo."

"Niende wapi?"

"Pale ukutani. Usinyate kama ulivyonifungulia mlango. Tembea kama unavyotembea ukiwa peke yako."

Akafumba macho. Damari alisimama, akaacha miguu ifanye inavyotaka, hatua nzito, hatua nyepesi, sakafu ikiitika, hadi ukuta ukamgusa mikono. Nje waliimba. Ndani, mjane wa Amosi Masinga alikaa na macho yake yamefumbwa, akisikiliza kwa uso wote, kama mtu anayesomewa barua iliyochelewa.

"Rudi," alisema. "Tena polepole."